Mwana wa Mhill

Meno ya mbele ya Drane aliyavunja shemeji yake Prekë kwa kitako cha bunduki, uwanjani mbele ya kanisa, ukoo mzima wa Bardhokaj ukitazama. Drane hakulia. Alitema damu pembeni, akajipangusa kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akarudia swali lile lile lililomponza.

"Nimeuliza, mwanangu ni wa nani?"

"Wa tanuri!" akajibu Prekë, na vijana wakacheka.

Alikuwa amepanda mlima kutoka mji wa Shkodër kwa ajili ya swali hilo, na alikuwa amelibeba tangu ujana wake. Aliolewa bondeni huko juu angali msichana, akapewa Mhill, mdogo wake Prekë, mwanamume mwenye mikono mizuri na hasira mbaya. Kiangazi kimoja Mhill aligombana na Gjin wa ukoo wa Nikdedaj juu ya zamu ya maji ya kumwagilia. Walitukanana, wakasukumana, kisha Mhill akamkata Gjin shingoni kwa jembe. Alirudi nyumbani kiatu kimoja kimejaa damu, akaketi kizingitini, akamwambia mkewe amletee maji. Askari wa serikali walimkuta pale pale. Walimfunga kwa waya, wakamshusha, na Drane hakumwona tena. Alifia gerezani, kwenye migodi ya shaba.

Jioni ile ile Mhill alipofungwa, Prekë aliingia chumbani kwa Drane bila kubisha.

"Hilo tumbo ni la nani?"

"Unajua ni la nani."

Mhill alikuwa na mashamba mawili na msitu wa michestnati, miti ya kokwa za kuliwa, uliozaa vizuri, na mtoto wa kiume angevirithi vyote. Prekë alimpiga teke la tumbo, akampiga la pili, akamsukuma ngazi za mawe. Drane alijikokota mpaka barabarani, akashuka tambarare kwa miguu, akipumzika kwenye mitaro. Alipata kazi kwenye tanuri la matofali, na nyuma ya tanuri hilo, juu ya magunia, alimzaa Gjelosh. Baadaye akahamia machinjioni Shkodër, na huko akakaa maisha yake yote, akichuna kondoo. Alikuwa na mikono mipana na kisu chembamba kilicholiwa na noleo. Wanaume waliofanya naye kazi walimwogopa kidogo, wakampenda kidogo.

Gjelosh alikua akiitwa mwana wa tanuri. Alikuwa mrefu, mzuri wa uso, mchapakazi, lakini kila alipopeleka posa kwa watu waliotoka milimani swali lilikuwa moja: "Wewe wa nani?" Akijibu Bardhokaj, waliuliza nani wa Bardhokaj atamsimamia. Nywele zilianza kumnyonyoka akiwa bado hajaoa, anakula kwenye meza ya mama yake.

Ndipo serikali ya chama kimoja ilipoanguka, na koo zikafufuka. Wa Bardhokaj waliunda jumuiya yao, wakatengeneza bendera, wakarudisha sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Wakaweka na sharti. Anayetaka kuhesabiwa asimame, awataje baba zake mmoja mmoja mpaka yule wa kwanza aliyefika bondeni, halafu mtu wa nyumba yake aape juu ya jiwe kwamba ni kweli. Asiyehesabiwa hana malisho, hana kauli, hana hata mahali pa kuzikwa.

Gjelosh alishikwa na jambo hilo kama homa. Alisimama machinjioni jioni, mama yake akichuna, akiyasoma majina kwa sauti: "Gjelosh wa Mhill wa Dod wa Lulash wa Pepë..."

"Pepë hakuja kabla ya Ndre," Drane alimsahihisha bila kuinua kichwa. "Anza upya."

Siku ile uwanjani Gjelosh aliyasema yote bila kukwama hata mara moja. Ilikuwa masika, na majibu aliyopata ni yale ya "wa tanuri" na kitako cha bunduki. Alipoona mdomo wa mama yake alimrukia Prekë. Vijana walimwangukia kwa nguzo za uzio, wakampiga mpaka akaacha kujikinga, kisha wakamburuta kwa miguu na kumtupa kwenye korongo. Mmoja tu hakunyanyua mkono. Alikuwa Pal, mtoto wa mwisho wa Prekë, kijana mwenye masikio makubwa. Aliteremka korongoni na kofia ya Gjelosh, akampangusa uso kwayo.

"Pole, kaka," alisema chini chini. "Pole, mama mdogo."

Ndiye mtu wa kwanza wa nyumba ile kumwita Drane hivyo.

Vuli ilipofika, Prekë alishuka mwenyewe mpaka machinjioni. Alisimama kati ya mizoga iliyoning'inia, amebeba jibini na mfuko wa jozi, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema.

"Leo nimekuwa shemeji? Masika nilikuwa malaya."

"Hasira zangu unazijua."

"Nazijua kwa ulimi, kila ninapotafuta meno."

Prekë aliinamisha kichwa. Alikuwa amekonda. "Nimezeeka, Drane. Nataka kufa moyo ukiwa mweupe. Mlete kijana siku ya Mtakatifu Nikola. Nitaapa mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni damu yetu."

Drane alimtazama. Alijua kumtazama mnyama akajua kama ana ugonjwa, na mtu huyu alimwona ana ugonjwa. Lakini alikuwa amelitamani neno hilo miaka yote, na sasa limesemwa na mdomo ule ule uliolikana. Alichukua jibini.

Siku ya sikukuu theluji ilifika magotini. Jiwe la kiapo liliwekwa juu ya meza mlangoni mwa kanisa, na nyuma yake akasimama Marash, mkuu wa jumuiya, mtu mzito mwenye sauti ndogo. Gjelosh aliwataja baba zake. Prekë akasogea, akavua kinga ya mkono, akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Naapa kwa jiwe hili na kwa vichwa vya wanangu. Mke wa Mhill alikuwa na mimba ya Mhill siku askari walipomfunga ndugu yangu. Nilijua. Nilimpiga mateke ya tumbo ili mimba itoke. Haikutoka. Huyu hapa."

Marash akauliza, "Na nyumba yake ni ipi?"

"Nyumba yake ni yake peke yake. Mhill alikuwa na moto wake, mimi nina wangu. Cha Mhill chote ni cha huyu."

"Chote?"

"Chote."

Wanaume walitazama viatu vyao. Drane, aliyesimama nyuma pamoja na wanawake, alisikia "chote" na kuona mashamba mawili na michestnati. Alishika mkono wa mwanamke wa karibu asiyemjua, akaubana mpaka mwenzake akaguna.

Walimkalisha Gjelosh kwenye meza ndefu, wakamwekea kichwa cha kondoo dume, wakammiminia raki, pombe yao kali. Walipiga risasi paani mpaka vumbi likaanguka kwenye sahani. Pal alicheza naye bega kwa bega, jasho likiwatoka, wakipiga kelele kama watoto. Drane alitazama kutoka mlangoni akicheka na mdomo wake uliobomoka, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Gjelosh hakurudi mjini. Nyumba ya mawe ya Mhill ilikuwa imebaki kuta, akaanza kuijenga, Pal akimsaidia kubeba mawe. Theluji ilipoanza kuyeyuka Drane aliomba ruhusa kazini, akapanda na sufuria na blanketi. Asubuhi ya pili alikuwa anamimina maharage kwenye bakuli aliposikia sauti ya mtu ikiita kutoka kwenye michestnati, sauti kubwa, iliyotulia.

"Gjelosh wa Mhill! Nikdedaj wanakusalimu!"

Gjelosh aligeuka na jiwe mikononi. Risasi ya kwanza ilimvunja paja. Ya pili ilipiga jiwe na kumkata vidole viwili. Pal alichukua bunduki ukutani, akafyatua ovyo kuelekea mitini, akawa anapiga mayowe asiyoyajua mwenyewe, na mtu mwenye koti la kijivu akaonekana akipanda kilima bila haraka.

Damu ya Gjelosh ilikuwa inaruka. Drane alijua maana yake; alikuwa ameiona ikiruka hivyo kila siku ya maisha yake, kwa wanyama. Alipiga magoti, akararua suruali, akaingiza kidole gumba ndani ya jeraha mpaka akaugusa mshipa, akaukandamiza kwenye mfupa. Mwanawe alipiga kelele, akamuuma begani.

"Niume," alimwambia. "Niume tu. Pal! Mkanda wako, haraka! Funga juu, siyo hapo, juu!"

Damu ilisimama. Walimwingiza ndani, wakamlaza kwenye majani makavu. Gjelosh, mweupe kama chokaa, akafumbua macho.

"Mama, umesikia? Waliniita kwa jina la baba."

"Nyamaza."

"Gjelosh wa Mhill. Wamesema hivyo, mbele ya watu."

Alikuwa anatabasamu. Drane aliogopa tabasamu lile kuliko alivyoiogopa damu.

Pal alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Drane alipomuuliza kwa nini Nikdedaj wafufue jambo la zamani hivyo, kijana alianza kujipiga kichwani kwa ngumi.

"Hawakulifufua leo, mama mdogo. Kiangazi walituma ujumbe. Walisema damu ya Gjin haijalipwa, kwamba kufia gerezani si kulipa. Walitaka baba, au kaka yangu, au mimi, maana sisi ndio nyumba ya Mhill. Baba akawaambia, Mhill ana mwana."

"Baba yako aliwaambia kabla ya kuja kwangu na jibini?"

"Kabla. Mimi nilijua baada ya sherehe. Naapa, baada ya sherehe."

Drane alichukua shoka la kupasulia kuni, akatoka. Prekë alikuwa amekwisha kuukomea mlango wake. Drane aliupiga mlango, mbao zikaruka, akaupiga tena na tena mpaka mpini ukamchuna ngozi viganjani.

"Toka nje! Toka, shemeji, njoo tuzungumze!"

Sauti ya Prekë ilitoka kwenye tundu la bunduki, juu. "Ulilia jina, nimekupa jina. Umenililia miaka yote. Sasa unalia nini?"

"Nitakuchuna! Nitakuchuna ukiwa hai!"

"Nina watoto wawili, Drane. Wewe ungefanyaje?"

Ilibidi Marash aje na watu wanne ndipo akanyang'anywa shoka, na mmoja wao alirudi nyumbani amevunjika mkono. Marash alimkalisha juu ya theluji, akangoja pumzi zimrudie.

"Wewe ulijua," Drane akamwambia.

"Tulijua wote. Mtu akihesabiwa, anahesabiwa kwa mema na mabaya. Hatukumdanganya. Tuliuliza chote, Prekë akasema chote."

"Mwanangu hakuelewa."

"Mwana wa Mhill ameelewa vizuri. Nimetoka kwake sasa hivi. Ananiuliza bunduki itapatikana wapi." Marash akashusha pumzi. "Jeraha wale wanalihesabu nusu. Watakuja kuchukua nusu iliyobaki. Akae ndani, asitoe pua nje."

Gjelosh alikubali kukaa ndani. Alikubali kwa furaha. Alimwambia mama yake kwamba akipona atampata mmoja wao, na wao watampata yeye, na atazikwa karibu na babu yake Dod. Alikuwa na homa, lakini maneno yake yalikuwa yamepangwa vizuri. Drane alimsafisha jeraha kwa raki, akamsikiliza, akamfunika. Gjelosh alipolala, Drane alivaa viatu vyake vya kazini akaelekea njia ya juu, inayovuka kwenda kwa Nikdedaj. Kwa desturi, mwanamke haguswi katika kisasi cha damu. Alipita chini ya madirisha yao mtutu mmoja ukimfuata, asipunguze mwendo.

Nyumbani kwa marehemu Gjin alimkuta mjane wake, Tusha, akichambua mahindi, na mwanawe Vatë akila. Koti la kijivu lilikuwa limetundikwa karibu na moto.

"Mimi ni Drane, niliyekuwa mke wa Mhill."

Tusha alisimama, akaja taratibu, akampiga kibao. Akampiga cha pili kwa upande wa pili. Drane alingoja.

"Umemaliza, dada?"

"Sijui. Sema kilichokuleta."

"Mnamwinda mtu asiyewahusu. Yule si mwana wa Mhill."

Vatë aliacha kutafuna. "Baba yake mkubwa aliapa juu ya jiwe."

"Aliapa nini? Kwamba nilikuwa na mimba ya Mhill na alinipiga mateke. Aliapa kweli. Na mateke yalifanya kazi yake." Drane alimgeukia Tusha; Vatë hakumtazama tena. "Wewe umezaa. Mimba changa, teke la buti, ngazi za mawe, halafu mwendo wa mlima mzima kwa miguu. Ingebaki? Ilitoka njiani, kando ya daraja. Nilichimba kwa mikono. Mtoto wa Mhill yuko pale, aliyemuua ni Prekë. Huyu niliyemzaa ni wa mchukuzi wa matofali. Alikuwa na mkokoteni na nyumbu. Jina la baba yake hata sikuliuliza."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyama.

"Basi kwa nini ulimdai kwa Bardhokaj?" akauliza Vatë.

"Unataka niwadai nani? Mwenye mkokoteni? Nilitaka awe na kwao."

Tusha alikuwa anamkazia macho. Mwishowe akakaa, akachukua gunzi lake la mahindi, akaliweka chini tena. "Mimi zilitoka tatu," akasema, si kwa yeyote. Kisha kwa mwanawe: "Hakuna mwanamke atakayejipaka mavi haya usoni kwa uongo."

Vatë alifikiri. "Utayasema mbele yao?"

"Nitayasema."

Aliyasema Jumapili, watu walipotoka kanisani. Vatë na ndugu zake walisimama ng'ambo ya kijito, bunduki zimeelekezwa chini, kwa ruhusa ya Marash. Gjelosh, aliyedanganywa kwamba ni mkutano wa kumpa ulinzi, alikuwa amebebwa na Pal mgongoni.

Marash alimzuia Drane mbele ya jiwe. "Mwanamke haapi."

"Haapi juu ya mpaka wala ng'ombe. Juu ya tumbo lake ataapa nani, wewe?"

Hakuna aliyecheka. Aliweka mkono juu ya jiwe, akalitaja daraja, na mtoto aliyetoka, na teke la Prekë, na mchukuzi wa matofali. Alipofika kwenye mkokoteni akasikia sauti ya mwanawe nyuma yake.

"Mama, nyamaza."

Akaendelea.

"Mama! Anadanganya! Anadanganya huyu, msimsikilize!" Gjelosh alijitupa kutoka mgongoni kwa Pal, akaanguka kwenye tope, akatambaa kwa viwiko akiburuta ule mguu. Akamshika mama yake sketi, akampiga ngumi za miguu, za magoti, kwa mkono wenye vidole vitatu ulioanza kuvuja upya. "Sema mimi ni wa nani! Sema!"

"Wewe ni wa mchukuzi," Drane alimwambia, akimtazama machoni. "Naapa."

Gjelosh akamtemea mate.

Prekë alikuwa bado anahesabu. Ilimchukua muda kuelewa kwamba kiapo chake mwenyewe ndicho kilichotumika kumfunga, na kwamba deni la damu ya Gjin limerudi kwake na kwa wanawe. Alipoelewa alinyanyua bunduki kumwelekea Drane, na risasi ikaenda kwenye mnara wa kanisa kwa kuwa watu walimpiga mkono. Alilala chini na watu watatu juu yake akipiga kelele kwamba ni uongo, kwamba kijana ana pua ya Mhill, ana mwendo wa Mhill, hamna macho? Ng'ambo ya kijito Vatë alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka, akaondoka na ndugu zake.

"Mchukue mwanao," Marash alimwambia Drane. "Jua lisizame mkiwa hapa."

Pal ndiye aliyewapakia kwenye lori la mbao. Alimweka Gjelosh vizuri, akamkunjia koti lake chini ya mguu. Drane alimshika mkono.

"Njoo nasi mjini, Pal. Leo hii."

"Nikimbie nini, mama mdogo? Mimi sijamuua mtu."

"Njoo, mwanangu."

Alitabasamu, masikio yake mekundu kwa baridi, akapiga ubavu wa lori kwa kiganja ili dereva aondoke.

Prekë na mwanawe mkubwa walijifungia ndani. Pal hakukubali. Michestnati ilipoanza kutoa majani alikwenda kusaga mahindi, na akiwa anatoka kinuni na gunia begani, akaitwa: "Pal wa Prekë!" Inasemekana aliinua mkono kuitikia, akidhani ni mtu wa salamu. Vatë alimpiga kifuani, kisha mdomoni. Unga ulimfunika mpaka aliyemkuta akadhani ni gunia tu lililoanguka.

Habari ililetwa machinjioni na muuza jibini. Drane alikuwa amefika nusu ya kumchuna kondoo. Aliendelea kuchuna, kisu kikapita kwenye ngozi ya mnyama kikaingia kwenye kiganja chake, akaendelea bado, mpaka wenzake walipomshika mkono.

Siku ya tatu baada ya maziko, Prekë alishuka bila kofia, akaingia machinjioni asubuhi na mapema, sakafu ikiwa bado na maji. Akachukua kulabu kutoka kwenye reli kana kwamba ni yake.

"Niambie mimi tu," alisema. "Sitakwenda popote nalo. Ni wa Mhill?"

Drane angeweza kusema hapana. Aliwahi kumwapia mwanawe uongo usoni, angeshindwaje kwa mtu huyu? Lakini alimwona amesimama pale, ndevu zina unga wa chokaa ya kaburi, na akashindwa.

"Ni wa Mhill. Tangu mwanzo."

Prekë alirusha kulabu. Ilimwingia begani ikamvuta, wakaanguka pamoja kwenye mfereji wa damu. Alimpiga kichwa chini kwenye saruji, akamkaba, na uso wake juu yake ulikuwa umelowa machozi na kamasi. Drane alipapasa, akashika ndoo ya maji ya moto ya kunyonyolea manyoya, akaimwaga juu yao wote wawili. Alipoachiliwa alikuwa juu yake, goti kifuani, kisu kwenye shingo.

"Chinja," Prekë akasema. "Chinja, unangoja nini? Ulimchinja yule, mimi ni nini?"

Kisu kilifungua ngozi. Damu nyembamba ikatoka, akaitazama. Mkono wake ulijua kila kitu kilichobaki kufanywa, ulikuwa umekifanya mara nyingi kuliko kula. Wachinjaji walimnyanyua kwa makwapa wakamvuta nyuma. Hata leo hajui kama angeendelea.

Prekë hakuishika ahadi yake. Aliueleza ukweli kwa kila aliyemsikiliza. Hakuna aliyetaka kuusikia. Nikdedaj walikuwa wamelipwa, Bardhokaj walikuwa wamezika, na Marash alisema jiwe lile halitawekwa mezani tena kwa jambo hilo. Prekë alikufa miaka michache baadaye akiwa amelewa, kwenye theluji, mlangoni pake. Drane alijaribu mara moja kupanda kwenda kwenye kaburi la Pal. Mama wa kijana alimwona kutoka mbali, akajaza aproni mawe. Drane alisimama njiani akayapokea, kifuani, mkononi, moja likampasua nyusi, mpaka mama yule akachoka akaketi. Kisha akashuka.

Gjelosh alipopona vya kutosha kutembea kwa fimbo aliondoka na meli pamoja na umati, akavuka bahari kwenda Italia. Anafanya kazi kwenye mashamba ya nyanya, upande wa Bari. Ameoa mwanamke wa huko, ambaye hakumuuliza yeye ni wa nani. Hupiga simu kwa jirani wa mama yake wakati wa Pasaka, na jirani humwita Drane, naye huja mbio akijipangusa mikono.

Hamwiti mama. Humwita Drane.

Mwaka mmoja Drane alijikaza akamwambia, jirani akiwa ametoka nje kwa heshima. "Wewe ni wa Mhill. Nilisema yale ili uishi."

Kwenye simu ikasikika sauti ya mtoto akilia chumbani huko ng'ambo, na mwanamke akimbembeleza.

"Uliapa, Drane," akasema Gjelosh.

"Niliapa uongo."

"Unaona? Niamini kipi? Na ni wewe uliyenifundisha kuwataja baba zangu mpaka yule wa kwanza." Akakohoa. "Mguu unaniuma mvua ikikaribia. Huko kwenu inanyesha?"

Drane alitazama dirishani. "Inanyesha," akasema, akamwashiria jirani asirudi bado, akasikiliza mtoto akilia.